Mlinzi wa Majani

Mke wa mlinzi aliingiza mkono tutani hadi kiwikoni, akafumba macho. Kupapasa viazi ni kazi ya vidole, macho hayasaidii kitu. Unapiga magoti kando ya shina, unapenyeza mkono chini ya udongo taratibu, unakitafuta kiazi kilichokomaa, unakikata kwa ukucha na kukichomoa, kisha unaurudisha udongo na kuupigapiga kama unayembembeleza mtoto. Shina linabaki wima na majani yake. Msimamizi akipita haoni kitu. Kila kibarua wa shamba lile alijua kupapasa, na kila mmoja angekuapia kwa mama yake mzazi kwamba hajui.

Ilikuwa saa ya mapumziko. Wenzake wa palizi walikuwa wamejilaza chini ya tela la trekta, mahali pekee penye kivuli, wamebanana hivyohivyo na joto lao. Jua lilikuwa la utosi. Msimu ule joto lilikuwa limekuja na vyombo vyake, likahamia kabisa. Halikuondoka hata jioni. Lakini viazi, ukivitazama, havikuwa na habari. Pampu ilivuta maji kutoka mtoni kutwa, na mashina yalikuwa yamerefuka hadi kiunoni, majani ya kijani kibichi, mapana, yamefunga njia za matuta. Wapita njia walisimamisha baiskeli barabarani wakatazama. Tajiri mwenye shamba alipokuja na gari lake alishusha kioo, akatabasamu, akakipandisha.

Mke wa mlinzi hakuwa akijitafutia yeye. Nyumbani mama mkwe wake alikuwa kitandani, hana hata jino moja la kusingizia, na kwa siku kadhaa uji ulikuwa unamshinda.

"Mwanangu," bibi alikuwa amemwambia asubuhi, "mimi nakufa. Si kitu, kila mtu anakufa. Lakini nife na ladha ya kiazi mdomoni. Kimoja tu. Ukiponde vizuri, kisiwe na mabonge."

Bibi huyu alikuwa akifa tangu mwaka juzi, na kila alipokuwa akifa alitamani kitu. Zamani walikuwa wakicheka. Asubuhi hiyo mke wa mlinzi alimgeuza ubavu, akahisi mifupa ya mabega mkononi, na kicheko hakikuja.

Vidole vilizunguka shina lote. Vilikutana na vijikamba vyeupe, virefu, vingi kuliko kawaida, na mwisho wa kijikamba kimoja palikuwa na kidonge mfano wa punje ya hindi. Basi. Akahamia shina la pili. La tatu. Akaruka tuta, akapapasa mashina ya upande wa pili, jasho likimtiririka machoni. Hakuna. Viazi vilivyobakiza wiki chache kuvunwa, na chini hamna hata cha kumdanganyia mtoto.

Akatoa mkono, akaupigapiga udongo, akakaa juu ya visigino. Wazo lililomjia lilikuwa moja tu, na mtu yeyote wa shamba lile lingemjia hilohilo: nimetanguliwa.

Macho yake yalikwenda chini ya tela. Bi Cheko alikuwa amelala chali, mdomo wazi, kanga kifuani, mjukuu wake amelalia mkono wake. Bi Cheko ndiye aliyekuwa akipalilia tuta hili. Ndiye aliyekuwa rafiki yake, wakichota maji pamoja, wakipeana chumvi, na jina lake alilipata kwa sababu alicheka hata msibani. Kumbe. Mtu anacheka nawe, huku amekomba tuta zima peke yake, hata shina moja la kumwachia mwenzake hakuona haya.  Kilichomuuma zaidi ya njaa ya bibi ni kwamba hakuambiwa.

Tangu siku hiyo akawa anamjibu Bi Cheko kwa mkato. Bi Cheko akauliza kuna nini, akaambiwa hakuna. Akacheka, akashika jembe lake.

*

Angemwambia nani? Mumewe ndiye mlinzi, na mumewe alikuwa mtu wa kunyooka hadi kero. Alishawahi kumkamata binamu yake wa damu na bamia mbili mfukoni, akampeleka kwa msimamizi, na hadi leo ukoo mzima haujamsamehe. Ukienda kumwambia mtu kama huyo kwamba tutani hamna kitu, atakuuliza umejuaje. Na mlinzi akiibiwa na mkewe, filimbi ampulizie nani?

Wakaishi na kimya hicho ndani ya vyumba viwili vya bati, nyumba ya shamba, waliyopewa kwa sababu ya ile kazi. Mchana bati lilikuwa likialika kwa joto, ta, ta, utadhani mtu anatembea juu. Mumewe alirudi alfajiri, shati begani, mgongo umelowa.

"Usiku gani huu?" alisema akijimwagia maji ya kata. "Usiku wenyewe unatoka jasho."

Ukutani, msumarini, lilining'inia koti la ulinzi. Koti zito, la mikono mirefu, mali ya shamba. Msimu uliopita alilivaa juu ya sweta na bado akarudi meno yakigongana. Msimu huu lilikuwa halijashuka tangu siku mbegu zilipofukiwa, na buibui alikuwa ametanda mfukoni. Mke wa mlinzi alilipangusa vumbi, akalirudisha. Hakuna aliyelitazama mara mbili.

Bibi hakupata kiazi chake. Alipewa uji, akautema, akasema uji huu una sura ya mtu aliyekata tamaa. Mwanawe alicheka. Mkewe aliinamia chungu.

*

Siku ya kuvuna lori lilikuja mapema, tupu, likinguruma barabarani kwa majivuno. Magunia yalikuwa yamepangwa kichwani mwa shamba. Tajiri mwenyewe alikuwepo, na bwana shamba, kijana msomi aliyeletwa na tajiri kutoka mjini msimu ule, kofia pana kichwani, viatu vyake virefu bado vinang'aa. Msimamizi, ambaye vibarua walimwita Kipaza kwa sababu hakuwahi kusema jambo kwa sauti ndogo, alipiga makofi. Jembe la kwanza likaingia.

Shina likang'oka na udongo wake. Vijikamba vyeupe. Vidonge viwili vitatu vimeshikana kama shanga, kimojawapo kimeshachipua humohumo ardhini.

"Endelea," akasema Kipaza.

Waliendelea. Tuta zima. Tuta la pili. Wanawake walichimba kimyakimya, kila mmoja akimwangalia mwenzake pembeni, maana kila mmoja alikuwa na siku yake ya kupapasa na kila mmoja alikuwa ametoka mikono mitupu akamshuku jirani. Bi Cheko alinyanyua shina juu, akalitikisa, akacheka kicheko kimoja kifupi cha woga. Kumbe hata yeye. Mke wa mlinzi aliona uso ule, akajua amemdhulumu mwenzake bure, na aibu ikamshika palepale, jembe mkononi.

Kufikia adhuhuri magunia yalikuwa bado yamekunjwa.

Bwana shamba alichuchumaa. Alilishika shina, akaligeuza, akakipima kijikamba kwa vidole, akatazama juu penye jua. Kisha akaliweka chini polepole, akavua kofia, akaivaa tena. 

"Niitie mlinzi," alisema tajiri.

Mlinzi aliamshwa usingizini. Alikuja akifunga vifungo vya shati, filimbi shingoni, akasimama wima.

"Shikamoo, bosi."

"Viazi vyangu viko wapi?"

"Vipo hapo, bosi."

"Wapi?"

Mlinzi alitazama shimo. Akatazama shimo lingine. Alitembea tuta zima akichungulia, mtu na akili zake, na alipogeuka uso wake ulikuwa umepauka.

"Sikuona mtu, bosi. Usiku wote nazunguka. Sikuona mtu."

"Hukuona mtu." Tajiri hakuwa na haja ya kupaza sauti, wapo wa kumpazia. "Majani yote haya, tena ya afya hivi, hayana kitu chini. Vimekwenda wapi? Vimepaa? Au ulikuwa umelala? Au ulikuwa unavipakia wewe?"

"Bosi, mimi na wewe tangu lini? Mimi hata—"

"Nyamaza bosi akisema!" akafoka Kipaza.

Hapo ndipo mke wa mlinzi alipofanya kosa la pili, na hili alilifanya kwa mapenzi. Alitupa jembe, akapenya katikati ya wenzake, akasema kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua: "Havikuwapo! Mume wangu hana kosa, bosi. Havikuwapo tangu awali. Nilipapasa mimi kwa mkono wangu, wiki zimepita, shina hadi shina. Hamkuwa na kitu."

Pampu peke yake ndiyo iliyosikika, kule mtoni.

"Umesema ulifanya nini?" aliuliza tajiri.

"Nilipapasa. Kwa ajili ya bibi, mgonjwa. Kimoja tu. Na sikukipata."

Kipaza alipiga paja. "Bosi, umesikia? Kikulacho ki nguoni mwako! Mume analinda, mke anavuna. Mimi nilikuwa najiuliza wameingilia wapi, kumbe mlangoni."

"Jamani, sikupata hata kimoja!"

"Hakuna mwizi aliyewahi kupata," alisema tajiri.

Mke wa mlinzi aliwageukia wanawake. Walikuwa wote wameinama, wanatafuta kitu ardhini. Bi Cheko alifungua mdomo, akamvuta mjukuu karibu, akaufumba. Mke wa mlinzi akamgeukia bwana shamba, na bwana shamba alikuwa anafuta matope viatuni kwa jani la kiazi.

Mumewe alimtazama. Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, kisha akavua filimbi shingoni, akamkabidhi Kipaza, bila kuambiwa.

Lori lilikuwa limekuja kuchukua viazi. Lilimchukua mlinzi, peke yake, amekaa nyuma juu ya magunia matupu, hadi kituo cha polisi.

*

Bwana shamba alikuwa akiishi katika nyumba ya wageni ya shamba, ya matofali, yenye baraza. Mke wa mlinzi alimkuta anaosha pikipiki.

"Karibu, mama," alisema, na hakuinua macho.

"Ahsante. Nimekuja kukuuliza swali moja, mwanangu. Ulilishika lile shina. Nilikuona. Uliona nini?"

Kijana alisugua tairi. Alisugua hadi povu likaisha.

"Ni joto," alisema hatimaye. "Kiazi kinataka usiku wa baridi. Mchana majani yanapika chakula, usiku ukipoa chakula kinashuka chini, ndiyo kiazi. Usiku ukiwa wa moto hakishuki. Mmea unajilisha wenyewe, unarefuka, unaota majani. Ukiuona unasema mashallah. Chini hamna."

Mke wa mlinzi alikumbuka koti msumarini. Akakaa kwenye ngazi ya baraza.

"Basi twende," alisema. "Twende kituoni ukawaambie hivyohivyo, kama ulivyoniambia mimi. Watakuelewa, wewe umesoma."

"Mama."

"Mtu wangu analala sakafuni."

"Mama, nisikilize. Nikisema ni joto, tajiri ataniuliza nani alisema tupande wakati huu. Ataniuliza mbegu hii ya nyanda za baridi nani aliichagua." Aliweka kitambaa chini. "Na mimi nina mtu ananitegemea. Joto huwezi kulifunga pingu, mama. Yeye anataka mtu."

"Na huyo mtu ni mume wangu."

 Kijana aliingia ndani, akarudi na mfuko wa nailoni wenye viazi vinne, vya sokoni, vikubwa, vimeoshwa. Akamwekea ngazini.

"Vya bibi," alisema.

Mke wa mlinzi alitaka kumtupia usoni. Alitaka sana. Akafikiria mabega ya bibi, akaubeba mfuko, na njia nzima aliutembeza chini ya kanga, maana mke wa mwizi akionekana na viazi nani atauliza vimetoka wapi?

Alivichemsha, akaviponda, hakuacha bonge. Bibi alimeza kijiko kimoja, akakishikilia mdomoni muda mrefu.

"Kitamu," alisema. "Mwanangu yuko wapi? Naye mpe."

*

Tajiri alikuja mwenyewe hadi mlangoni, jambo ambalo halijawahi kutokea. Hakuingia. Kipaza alisimama nyuma yake na filimbi.

"Bibi hajambo?"

"Yupo, bosi."

"Nyumba hii ni ya mlinzi," alisema tajiri, akitazama bati. "Mlinzi hayupo. Unanielewa?"

"Ndiyo, bosi."

"Sasa, nina wageni wanakuja. Wanataka kulinunua shamba. Wataliona wakiwa barabarani, wataona lilivyostawi. Matuta yale yaliyochimbwa ya ndani huko hayaonekani. Yaliyobaki hayaguswi. Sitaki mtu, sitaki mbuzi, sitaki mkono wa mtu tutani. Utalinda wewe, mchana. Bibi atabaki hapa."

"Na mume wangu?"

"Tutaona."

"Bosi, unajua kwamba chini hamna kitu."

Tajiri alimtazama kwa mara ya kwanza, akaonekana kuchoka, mtu mwenye joto lake na yeye. "Ninachojua mimi," alisema, "ni kwamba majani yapo. Vaa koti, uonekane mlinzi."

Kipaza akampa filimbi. Mkono wake ulilipokea lile jambo kabla moyo haujakubali.

Basi akawa mlinzi. Alikaa juu ya debe kichwani mwa shamba, mahali wanapopaona wa barabarani, amevaa lile koti ambalo mumewe hakulivaa msimu mzima. Jasho lilimwanzia shingoni, likashuka mgongoni, likaishia kwenye debe. Mbele yake viazi vilikuwa vimechanua maua, meupe, yamejaa shamba. Siku za kwenda kituoni hakuruhusiwa kuondoka, alimtuma mtu na chakula, na chakula kilirudi na salamu kwamba mlinzi anauliza kama bibi anakula.

Wageni walikuja mchana wa jua kali. Gari la tajiri lilitangulia, la kwao likafuata, yakapunguza mwendo, vioo vikashuka. Mke wa mlinzi alisimama, akajifunga kifungo cha juu cha koti kama alivyoagizwa.

Wakati huohuo majani yakacheza, upande wa chini, karibu na mfereji. Hapakuwa na upepo.

Ilikuwa Bi Cheko. Tangu mavuno yaliposhindikana vibarua wote walikuwa wameachishwa kazi, na mjukuu mgongoni mwake alikuwa amekwisha, kichwa kikubwa, shingo kijiti. Bi Cheko alijua kwamba matuta ya ndani yalikuwa matupu. Lakini haya ya pembeni hayakuchimbwa, na mwenye njaa hawezi kujinyima shina ambalo hajalipapasa. Alikuwa amepiga magoti, mkono tutani hadi kiwikoni, macho yamefumbwa. Mke wa mlinzi aliujua uso ule. Ni uso wa mtu ambaye vidole vyake bado vinatumaini.

Alitaka kumwita kwa jina lake la utani. Alitaka kumwambia, toa mkono, ndugu yangu, hamna, nisamehe, hamkuwahi kuwa na kitu. Lakini magari yalikuwa yamesimama, na Kipaza alikuwa ameshauona mtikisiko wa majani, akamgeukia yeye, akangoja aone mlinzi atafanya nini.

Akafikiria kitanda cha bibi. Akafikiria neno tutaona.

Filimbi ilikuwa ya moto mdomoni. Akaipuliza.

Bi Cheko alishtuka, akafungua macho, akamwona ni nani, akacheka. Alicheka kwa moyo mweupe, kama wanavyotaniana watu wawili kisimani. Kicheko kilimkatikia pale Kipaza alipomfikia na kumkamata mkono. Mtoto mgongoni akaanza kulia, sauti nyembamba.

Barabarani mgeni mmoja alitoa kichwa dirishani. "Kuna nini?"

"Wezi," alisema tajiri, na mke wa mlinzi alisikia furaha ndani ya sauti ile. "Mnaona wenyewe? Viazi hivi, hata mchana kweupe hawavumilii."

Wageni wakacheka, wakatazamana, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Tajiri akampungia mlinzi wake mkono.

Kule kwenye mfereji Bi Cheko alikuwa amekunja ngumi, imejaa udongo, hataki kuiachia. Kipaza alikuwa anaifungua kidole kimoja kimoja.